Picha inakuja, sauti haiji: programu ya kuediti na faili za MTS

Naanza na nyota mbili. Nikimaliza kuandika tutaona zimebaki ngapi.

Programu hii imenunuliwa kwa leseni kamili, hela taslimu, duka moja la Ngamiani hapa Tanga, kwa kazi ya kuediti harusi zilizorekodiwa kwa kamkoda ya AVCHD, muundo wa kurekodi video ya HD. Ukiingiza faili za MTS, yaani video zinazotoka kwenye kamkoda hiyo, picha inakuja safi, kali, rangi imetulia. Sauti hakuna. Si kwamba iko chini. Mstari wake wenyewe haupo kwenye taimlaini. Wamama wanatunza, mwimbaji kafungua kinywa, kimya. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, lakini hii sauti iliondoka kabla haijaja.

Nikampigia muuzaji. Hakuuliza hata faili ni ya aina gani. "Kamera yako ya kizamani hiyo, kaka, badilisha." Akakata simu. Sawa, AVCHD ilitangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Lakini VLC, programu ya bure ya kuchezea video, inazicheza faili hizohizo na sauti yake yote! Sasa kizamani ni nini hapo?

Tatizo lenyewe si la kamera. Ndani ya MTS picha ni H.264, namna ya kubana video ambayo karibu kila programu inaisoma. Sauti mara nyingi ni AC-3, namna ya kubana sauti ya Dolby, na baadhi ya programu hazina kisomaji chake ndani. Zinategemea kile cha Windows. Kisipokuwepo, unapata sinema bubu. VLC inabeba visomaji vyake yenyewe, ndiyo maana haisumbuki. Muuzaji wa programu za video anatakiwa ajue hili kabla ya kumtukania mtu kamera.

Dawa ni ffmpeg, programu ya kugeuza faili za video kwa kuandika amri, nayo ya bure:

ffmpeg -i 00000.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00000.mov

Picha haiguswi, inahamishwa kama ilivyo. Sauti peke yake ndiyo inageuzwa kuwa PCM, sauti isiyobanwa. Stirio ya PCM inakula kama MB 690 kwa saa, si kitu. Msikimbilie HandBrake, programu nyingine ya kugeuza video, kwa kazi hii: inabana picha upya, unapoteza ubora, na laptopu inachemka kwa saa kadhaa bila sababu.

Ila kabla ya hapo, kadi ikopiwe folda yote ya PRIVATE, msichomoe MTS peke yake kutoka folda ya STREAM iliyo ndani yake. Kamkoda inakata rekodi ndefu vipande vya GB 2 au 4. Kwa megabiti 24 kwa sekunde, GB 4 zinajaa kwa dakika ishirini na kitu. Programu isiyosoma faili za orodha zilizo kwenye folda hiyo inachukulia kila kipande kama rekodi ya peke yake, na kwenye kiungo sauti inaruka kidogo. Kidogo, lakini katikati ya shehe akifungisha ndoa inasikika. Hii programu imo kundi hilo. Kwa hiyo unganisheni kwanza, kwenye dirisha la amri la Windows:

copy /b 00000.MTS+00001.MTS yote.mts

kisha hiyo yote.mts ndiyo ipitishwe kwenye ffmpeg.

Lazima niseme haki: sauti ikishapatikana, kupanga kamera tatu kwa kufuata sauti inafanya vizuri mno, na kurenda hakukwami. Hapo nilikaribia kupandisha hadi nyota nne.

Halafu nikaona mikono ya wachezaji inatetemeka kwenye video iliyokamilika. Kwenye video ya 50i kila picha inagawanywa nusu mbili za mistari inayopishana, ndizo fildi, na zikichezwa kwa mpangilio usio wake kinachosogea kinatetemeka. Kamkoda ya HD ya 50i inaanza na fildi ya juu. Projekti ya kawaida ya programu hii imewekwa fildi ya chini kwanza, desturi ya DV ya PAL, video za kanda za zamani. Anayetumia kamera ya kizamani hapa ni nani? Ingieni mipangilio ya projekti, wekeni fildi ya juu kwanza, tena kabla ya kuanza kukata.

Nyota moja, na hiyo ni ya kamera tatu. Ambaye hajalipa, achukue toleo la majaribio, atumbukize MTS moja kutoka kadi yake mwenyewe, asikilize, atazame mtu anayecheza, ndipo atoe hela.