Pupil Premium katika shule za msingi za England: fedha nzuri zinazosubiri fomu ya mzazi

Tangu Aprili 2011, shule za serikali nchini England hupokea, juu ya bajeti yao ya kawaida, fedha za ziada kwa kila mwanafunzi anayetoka katika kaya yenye kipato kidogo. Mpango huo unaitwa Pupil Premium. Ulianzishwa na serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats kwa kiwango cha pauni 488 kwa mtoto, na katika mwaka wa fedha wa 2025-26 kiwango hicho ni pauni 1,515 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Ninauandikia tathmini nikiwa mzazi ambaye watoto wake wamesoma katika shule zinazoupokea, na ambaye mara kwa mara huulizwa habari zake na wazazi wenzangu waliotoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo. Wazo la mpango ni zuri, na baadhi ya shule hulitekeleza kwa ustadi mkubwa. Utaratibu wa kumfikia mtoto anayelengwa ndio wenye kasoro, na kasoro hiyo inatugusa sisi zaidi ya wengi.

Nianze na kinachostahili sifa. Wengi wetu tulikulia katika mifumo ambamo ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi ni sawa kwa wote: Kenya ilipanga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na Tanzania ikapanga shilingi 10,000, bila kuangalia kama mtoto anatoka nyumba yenye vitabu au nyumba isiyo na taa. Pupil Premium inakwenda kinyume na mtindo huo, kwa kuwa mtoto mwenye uhitaji mkubwa zaidi ndiye anayeongezewa. Mtoto aliye chini ya uangalizi wa halmashauri, pamoja na aliyetoka katika uangalizi huo kwa kuasiliwa, hutengewa pauni 2,630. Tena, kiwango cha shule ya msingi kimewekwa juu kuliko cha sekondari, ambacho ni pauni 1,075. Hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mtoto anayefika umri wa miaka kumi na mmoja bila kusoma vizuri huanza kila somo la sekondari akiwa nyuma.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Mtoto huhesabiwa katika mpango huu iwapo amewahi kusajiliwa kupata chakula cha bure shuleni wakati wowote ndani ya miaka sita iliyopita, na kwa kaya zinazopokea Universal Credit, yaani posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, sharti ni kwamba kipato cha kazi baada ya makato kisizidi pauni 7,400 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 2018 na hakijapandishwa tangu wakati huo, ingawa mishahara na bei vimepanda sana, hivyo mama anayefanya kazi ya usafi kwa saa chache zaidi kwa wiki anaweza kuvuka mstari huku maisha yake yakiwa yale yale. Ugumu wa pili ulizaliwa na jambo jema. Tangu Septemba 2014 watoto wote wa Reception, Year 1 na Year 2, yaani madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi, nchini England hula bure bila fomu yoyote, na tangu Septemba 2023 ndivyo ilivyo kwa watoto wote wa shule za msingi za serikali jijini London. Mzazi anaona mwanawe anakula, naye haoni sababu ya kujaza karatasi inayouliza mapato yake. Lakini fedha za Pupil Premium hazifuati sahani ya mtoto. Zinafuata usajili, na pasipo usajili shule haipati kitu.

Hesabu yake si ndogo. Shule yenye watoto sitini waliosajiliwa hupata pauni 90,900 kwa mwaka, na kama wazazi ishirini wenye haki hiyo hawakujisajili, pauni 30,300 hupotea kila mwaka. Kwa kiwango cha sasa, fomu moja iliyojazwa mtoto akiwa Reception inaweza kuiletea shule zaidi ya pauni 9,000 katika miaka sita, hata kama baada ya mwaka mmoja baba amepata kazi nzuri na chakula cha bure kimekoma. Katika mazungumzo na wazazi wenzangu nimesikia sababu tatu za kutojisajili: aibu, hofu ya Idara ya Uhamiaji, na kutoelewa kabisa kwamba fomu ya chakula ndiyo inayofungua fedha za masomo. Kuhusu hofu, ni vyema ijulikane kwamba chakula cha shuleni hakimo katika orodha ya misaada ya umma inayozuiwa na masharti ya viza, na familia ambazo haziruhusiwi kupata misaada hiyo sasa zinaweza kuomba chakula cha bure zikitimiza viwango vya kipato vilivyowekwa kwa ajili yao. Familia zinazopokea msaada wa waomba hifadhi nazo zina haki hiyo. Kuhusu aibu, nalaumu barua za shule kuliko wazazi, kwa sababu barua nyingi nilizoziona huanza na neno chakula na kumalizia na neno chakula, bila kutaja vitabu, masomo ya ziada wala walimu. Baadhi ya halmashauri, Sheffield ikiwa mojawapo, zimeanza kuwasajili watoto zenyewe kwa kutumia taarifa za posho ambazo tayari zinazo, na mzazi asiyetaka hupewa nafasi ya kukataa. Sioni kwa nini utaratibu huo usiwe wa nchi nzima.

Fedha zikishafika shuleni, zinakuwa za shule, wala si akiba ya mtoto mmoja mmoja. Mzazi anayekwenda kwa mwalimu mkuu kudai pauni 1,515 za mwanawe zinunuliwe kompyuta atarudi mikono mitupu, na mwalimu mkuu atakuwa sahihi, kwa maana sheria za ruzuku zinamruhusu kuzitumia hata kwa wanafunzi wengine wenye mahitaji. Haki aliyo nayo mzazi ni kujua. Kila mwaka, kabla ya tarehe 31 Desemba, shule inatakiwa kuchapisha kwenye tovuti yake taarifa inayoeleza imepata kiasi gani, inakusudia kufanya nini na mwaka uliopita ulizaa matunda gani, chini ya maeneo matatu: ubora wa ufundishaji darasani, msaada maalumu wa masomo, na mambo mengine kama mahudhurio na kifungua kinywa.

Nimesoma taarifa za shule kadhaa za mji ninaoishi, na tofauti kati yao inashangaza. Mojawapo ilieleza kwamba watoto wengi wa Reception walifika na msamiati mdogo, ikaajiri na kumfundisha mwalimu msaidizi wa kuendesha mazungumzo katika vikundi vidogo mara kadhaa kwa wiki, na ikaonyesha watoto wangapi walikuwa wamefikia kiwango kufikia Julai. Hilo linaendana na ushahidi unaokusanywa na Education Endowment Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 2011, ambao unaweka mafunzo ya lugha ya mazungumzo miongoni mwa njia zenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Taarifa ya shule nyingine ilikuwa na aya zilezile miaka mitatu mfululizo, zikiahidi “kuinua matarajio” bila kusema ya nani na kwa njia gani. Iko pia shule iliyochanganya watoto maskini na watoto wanaojifunza Kiingereza kana kwamba ni kundi moja. Wazazi wetu wakatae mkanganyiko huo kwa adabu, kwani mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani hana upungufu kwa sababu hiyo, na Pupil Premium haikuwekwa kwa ajili ya lugha.

Je, pengo limepungua? Katika mitihani ya mwisho wa shule ya msingi ya mwaka 2019, asilimia 51 ya watoto wa kundi hili walifikia kiwango kinachotarajiwa katika kusoma, kuandika na hisabati kwa pamoja, dhidi ya asilimia 71 ya wenzao. Mwaka 2023, baada ya janga la korona, takwimu zilikuwa 44 na 66. Kabla ya janga pengo lilikuwa likipungua polepole, na sidhani ni haki kuuhukumu mpango wote kwa miaka ambayo shule zilifungwa. Hata hivyo, serikali haiwezi kuilaumu korona peke yake. Mwaka wa fedha wa 2014-15 mtoto wa shule ya msingi alitengewa pauni 1,300. Nyongeza ya pauni 215 katika miaka kumi na moja imemezwa na kupanda kwa bei, na bajeti za kawaida zinapobanwa, walimu wakuu hujikuta wakiziba mapengo kwa fedha ambazo zilikusudiwa kuongeza.

Serikali imetangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 watoto wa kaya zote zinazopokea Universal Credit watapata chakula cha bure bila kujali kipato. Ni habari njema kwa matumbo ya watoto, ila Pupil Premium imebakishwa kwenye kigezo cha zamani cha pauni 7,400. Hapo basi chakula na fedha za masomo vitatengana kabisa, na mzazi ambaye leo anajaza fomu kwa ajili ya chakula atakuwa na sababu ndogo zaidi ya kueleza kipato chake kwa undani. Kwa kuwa hesabu ya watoto hufanywa katika sensa ya shule ya Oktoba, mwenye mtoto anayeanza Reception na aulize ofisi ya shule wiki ya kwanza ya Septemba, akitaja Pupil Premium kwa jina lake, na ahakikishe kwamba ombi lake limekaguliwa kwa kigezo hicho.