Simu ya Miadi Iliita Mezani, Mbele Yangu

Wengi wanaisifu kliniki hii, na wanaisifu kwa haki, kwa usafi wa vyoo vyake na kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anayekuja kila Jumanne na Alhamisi. Mimi sina ugomvi na vyoo wala na daktari. Ugomvi wangu ni na simu moja yenye kava la rangi ya waridi, ambayo nimeiona kwa macho yangu ikiita juu ya meza ya mapokezi mpaka ikachoka. Jina la kliniki silitaji. Ipo mjini Arusha, na aliyewahi kuhangaikia miadi pale ataitambua kabla sijafika mbali.

Ni lazima kwanza nieleze saa zangu za kazi, maana bila hizo mtu atadhani ninatafuta visa. Mimi ni mpangaji wa maua ya waridi katika shamba moja upande wa Usa River. Nasimama mezani kutwa nzima, napima urefu wa shina, natupa ua lililochubuka na kufunga mabando yanayopaswa kuingia chumba cha baridi mapema, kwa sababu waridi likikaa kwenye joto hufunguka kabla ya kusafiri. Tunaingia saa 1.30 asubuhi na kutoka saa 10.30 jioni, Jumamosi tunatoka saa 6.30 mchana. Ukiondoa saa moja ya chakula, jumla ni saa 45 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria kabla saa za ziada hazijaanza kuhesabiwa, kwa hiyo siwezi hata kujifariji kwa kusema kwamba mwajiri wangu amevunja sheria. Simu zetu hubaki kwenye makabati ya chumba cha kubadilishia nguo hadi saa ya chakula.

Sasa soma kadi ya kliniki. Imeandikwa kwamba namba ya miadi inapokelewa kuanzia saa 2.00 asubuhi hadi saa 10.00 jioni, isipokuwa kati ya saa 6.30 na 7.30 mchana, wahudumu wanapokuwa kwenye chakula. Sisi nasi tunakula kati ya saa 6.30 na 7.30. Siku nilipoligundua jambo hilo nilikuwa kwenye kifodi narudi nyumbani, nikacheka peke yangu hadi kondakta akaniuliza kama nimeokota hela.

Presha yangu iligunduliwa kwa bahati, katika duka la dawa la Tengeru, siku ya soko. Nilikuwa nimeingia kununua dawa ya mafua. Muuzaji akanishawishi nipime, na mashine ikasoma 158 kwa 96. Nilikuwa sisikii kitu chochote, si kichwa, si kizunguzungu, na nikambishia. Akaniambia kwa upole kwamba presha haiumi, kwamba kuanzia 140 kwa 90 mtu anatakiwa aonwe na daktari, na kwamba wengi huijua wakiwa tayari wameanguka. Nilitoa siku moja katika likizo yangu ya mwaka, nikaenda kliniki hiyo asubuhi na mapema bila miadi yoyote, kwa kuwa mgonjwa mpya hupokelewa bila miadi, na nikahudumiwa vizuri kiasi kwamba niliwasifia kwa wenzangu wote wa mezani. Hilo nalijutia kidogo. Daktari alinianzishia amlodipini, kidonge kimoja kwa siku, akaniambia nirudi baada ya wiki nne.

Wiki ya tatu miguu ikaanza kuvimba. Vifundo vilijaa kiasi kwamba jioni, nikivua gambuti, mstari wa mpira ulibaki kwenye ngozi kama mtu aliyefungwa kamba. Nilijua napaswa kurudi, tena haraka, na hapo ndipo nilipoanza kufahamiana na ile namba.

Sitahesabu mara nilizopiga. Nilipiga kutoka chooni siku moja msimamizi alipokuwa ameniruhusu kuchukua simu kwa sababu ya msiba wa jirani, na nilijisikia vibaya kuutumia msiba wa watu kutafuta miadi. Nilipiga Jumamosi nikiwa stendi, kwa kuwa Jumamosi namba hiyo hupokelewa hadi saa 9.00 alasiri, yaani kwa maandishi. Iliita tu. Mwishoni binti yangu, anayesoma chuo na mwenye asubuhi za bure, alichukua jukumu la kunipigia, na siku moja akapokelewa. Akaulizwa kama mgonjwa ni yeye. Aliposema hapana, ni mama yake, yuko kazini, akajibiwa kwamba mgonjwa mwenyewe apige. Simu ikakatwa. Na hapa nikiri kosa langu: kwa hofu ya ule uvimbe, nilianza kumeza kidonge siku moja na kuacha siku inayofuata, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Basi Jumamosi moja nikaamua kwenda mwenyewe. Kifodi kilijaa watu wa soko la Tengeru na mikungu yao ya ndizi, foleni ya Sanawari ikatula nusu saa, na nilipofika dirishani ilikuwa imeshapita saa 8 mchana. Aliyekuwa mapokezi ni binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Nilitegemea shikamoo, au hata karibu. Nilichopata ni:

“Una miadi?”

“Ndiyo nimeifuata, mwanangu.”

“Miadi haitolewi dirishani. Piga namba iliyoko kwenye kadi.”

Nikamweleza kwamba nimepiga karibu wiki tatu. Akasema niendelee kujaribu. Hakusema kwa ukali. Alisema huku akipanga mafaili, kama mtu anayemwambia mtoto acheze nje. Nikatoa simu yangu nikapiga palepale. Kwenye meza yake, hatua mbili kutoka kwenye vidole vyake, ile simu yenye kava la waridi ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka ikasogea polepole juu ya kioo cha meza mpaka ikagonga kidau cha wino wa muhuri. Tukaitazama wote wawili, na mzee mmoja mwenye fimbo nyuma yangu akaitazama.

“Naona ni hiyo,” nikasema.

“Hiyo anapokea dada mwingine, ametoka.”

“Basi pokea wewe, mwanangu, mimi niko hapa.”

“Si kitengo changu, mama.”

Nikavua kandambili nikamwonyesha mguu. Sijivunii kitendo hicho, mbele ya watu, lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo maneno yameisha. Akautazama mguu wangu, akanitazama usoni, kisha akatamka sentensi ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote: “Kwani mama, kati ya kazi na afya, kipi muhimu?”

Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo, nikiwa mezani na waridi mkononi, ninatunga majibu. Ningemwambia kwamba kadi ya bima aliyoishika inatokana na kazi hiyohiyo, kwamba kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3 nyingine, na kwamba makato hayo hayajawahi kukosa hata mwezi mmoja wala kuombwa yapige simu kwanza. Ningemwambia kwamba mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nami niliifurahia, ila kadi haina saa ndani yake. Badala yake nilinyamaza. Yule mzee akanigusa bega akasema, “Mama, nenda naye taratibu, huyu ni mtoto wa watu, naye kaajiriwa.” Nilimkasirikia mzee kuliko nilivyomkasirikia binti, pengine kwa kuwa alikuwa na haki.

Kama ningeandika jioni ile, ningetoa nyota moja na kumwonya kila mtu asikanyage pale. Lakini kabla sijatoka, nesi aliyekuwa akipita aliniona nimeegemea ukuta akanivuta kwenye chumba cha vipimo. Akanifunga mkanda wa mashine, ikasoma 171 kwa 102. Akauliza, “Mama, umepanda ngazi mbio?” Nikamwambia sijapanda ngazi, nimeomba miadi. Hakucheka. Alinikalisha kwenye kiti chenye egemeo, akanitaka nisikunje miguu na nisiongee, akazima hata redio ndogo iliyokuwa dirishani. Baada ya dakika tano alipima tena ikasoma 156 kwa 94, akanieleza kwamba ndivyo inavyotakiwa kupimwa siku zote na kwamba hasira peke yake inaweza kuipandisha namna ile. Kisha akachukua daftari la daktari akaniandika kwa mkono wake Alhamisi inayofuata, saa 5 asubuhi. Kumbe daftari lipo. Kumbe kalamu ipo. Shukrani niliyokuwa nayo kwa yule nesi ilichanganyika na ghadhabu mpya, kwa sababu kazi iliyonishinda kwa wiki tatu ilichukua muda wa kuandika mstari mmoja.

Upande wa kazini sitaupitisha bila neno, kwa kuwa nimeilaumu kliniki mno na haki haina upande. Nilipomwomba msimamizi ruhusa ya Alhamisi, jibu lake lilikuwa, “Kwani huyo daktari hana jioni?” Kwake daktari aliyepaswa kubadili saa ni wa kliniki, kwa binti wa mapokezi, kazi iliyopaswa kubadili saa ni ya shambani. Wangekutana hao wawili wangeelewana sana. Niliwahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika tawi letu, na naijua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Lakini siku hizo zinataka cheti cha daktari cha kupumzishwa kazi, tunachokiita ED. Ili upewe ED ni sharti umwone daktari, na ili umwone daktari ni sharti uondoke kazini, na huwezi kuondoka kazini bila ED. Nilikubaliwa nusu siku, bila malipo.

Alhamisi nilionwa saa 7 kasoro, si saa 5, na sikulalamika, kwa maana daktari yule alikaa na mimi muda mrefu kuliko nilivyostahili baada ya kuruka vidonge. Nilimwambia ukweli. Alibonyeza kifundo changu kwa kidole gumba, akaangalia shimo linavyorudi, akanieleza kwamba uvimbe huo ni mazoea ya dawa hiyo kwa baadhi ya watu, hasa wanaosimama sana, na kwamba kosa langu lilikuwa kuipunguza mwenyewe wakati presha haijatulia. Akanibadilishia losatani. Akasema baada ya wiki chache ni lazima nipime damu, figo na potasiamu, kwa sababu dawa hii mpya inataka kuangaliwa. Aliniandikia ED ya siku ile nzima, hata ile nusu niliyokuwa nimekatwa, na alipoona nasita kuinuka akaniuliza kuna nini.

Nikamwomba, kwa heshima zote, aniandikie yeye mwenyewe tarehe ya kurudi. Alishangaa. Akasema, “Mapokezi watakupa, piga tu simu.” Nikamsimulia habari za ile simu, tangu chooni hadi kwenye kidau cha wino. Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika tarehe nyuma ya kadi yangu, akatia sahihi, akaongeza kwa herufi kubwa: ASIPIGE SIMU.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Kwa daktari na nesi ningetoa nyota tano na zawadi ya bando la waridi juu yake. Mapokezi nilikusudia kuwanyima hata nusu. Lakini wakati natoka siku ile, binti yuleyule aliinua kichwa akasema, “Shikamoo mama, miguu inaendeleaje?” nami nikaitikia marahaba kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika. Nilipita mlangoni nikiwa na aibu, na nilipofika kituo cha vifodi nikawa nimekasirika tena, kwa sababu nyuma yake, juu ya kioo cha meza, ile simu ilikuwa inatetemeka. Weka nyota tatu. Au mbili, namba hiyo ingali kwenye kadi zao na kuna mtu anaipiga sasa hivi.

Tarehe aliyoniandikia daktari ni Jumanne ya mwanzoni mwa Februari. Anayefanya kazi kwenye maua hahitaji kuelezwa maana yake: ni wiki ile ambayo waridi la Siku ya Wapendanao linapaswa kuwa limeshafungwa na kuondoka, wiki ambayo hata aliyefiwa huomba ruhusa kwa woga. Kadi ipo ndani ya kabati langu, chini ya simu. Msimamizi bado sijamwambia.