Swapu ya nyuzi ukiwa Malindi: mwaka mzima nimejaribu, haya ndo niliyoyaona

Asalam aleikum wapenzi wa uzi na kulabu. Kuna madada wamekuwa wakiniuliza kama hii swapu ya nyuzi yafaa kwa mtu wa huku kwetu pwani, manake wengi mwadhani ni mambo ya watu wa Nairobi tu, sa nimeona niandike yote mahali pamoja niwache kurudia. Nimekaa ndani mwaka mzima, nimetuma paseli nne na nimepokea nne. Nyota nawapa nne kwa tano, na ile moja niliyoikata ntawaambia kwa nini.

Kwa asojua, ni grupu ya wasap ya akina mama na madada wanaofuma, wengine kroshe, wengine sindano mbili, watu wa bara na pwani na wawili watatu wako Tanga. Kila miezi mitatu yafunguliwa raundi. Wajaza fomu, admin achanganya majina, wapewa mtu wako wa kumtumia na yeye hajui ni wewe mpaka paseli ifike mkononi. Kikomo ni vitu vya shilingi 1,500, nauli juu yako. Ndani lazima kuwe na uzi, kitu kimoja umekifuma kwa mkono wako, na kitu kidogo cha kwenu. Admin hachukui hata ndururu, na kazi anayofanya wallahi ni kubwa, kuna siku yuajibu watu saa sita usiku ati paseli yangu iko wapi.

Fomu yenyewe ni ndefu na mwanzo niliiona kero. Rangi uzipendazo, rangi usizotaka kuziona, kulabu ulizonazo ni milimita ngapi, sufu (manyoya ya kondoo) yakuwasha au haikuwashi, kwenu kuna joto au baridi. Hapo pa joto na baridi mimi nikaandika "sawa tu" nikapita. Matokeo yake paseli ya kwanza ilifika mwezi wa pili, kaskazi imekaza, stima imepotea toka asubuhi, nafungua nakuta madonge matatu ya akriliki nene, ile unene namba 5. Uzi mzuri, rangi ya maembe mabivu, lakini nikifuma mistari miwili vidole vyarowa jasho na uzi wakataa kuteleza kwenye kulabu. Yule dada wa watu hakukosea, mimi ndo sikumwambia. Toka hapo naandika wazi: Malindi, joto, pamba tafadhali, namba 3 au chini yake. Kwa ambao hawajazoea hizo namba, lebo nyingi za nyuzi huwa na kipicha cha donge na namba ndani kutoka 0 mpaka 7, sufuri ndo nyembamba kabisa ya kufumia lesi na saba ni nene kama kamba ya ngalawa. Vile vitambaa vya makochi vya mama zetu ni huko chini, na ndo maana huvifuma kwa kile kikulabu chembamba cha chuma.

Na hicho kikulabu cha chuma, kama waishi karibu na bahari kama mimi, kipanguse ukimaliza na ukiweke ndani ya kitambaa kikavu. Hewa yetu ina chumvi, chapata kutu wiki moja tu, na kutu yatia doa kwenye uzi mweupe halitoki hata ukilia.

Paseli ya pili ilikuja ya pamba kama nilivyoomba, nyeupe na nyekundu, kutoka kwa dada wa Mombasa. Safari fupi hiyo, kama kilomita 120, nikajua yafika kesho yake. Kampuni iliyobeba ikaiweka mahali inanyeshewa, nimeenda kuichukua boksi lavuja maji chini, na ile nyekundu imeshatoa rangi ikaingia kwenye nyeupe. Niliumia sana, si kwa sababu ya pesa, ni kile kitambaa alichonifumia na jina langu pembeni ndo kiligeuka waridi. Nikaloweka maji baridi na chumvi, ikapungua kidogo, haikuisha. Kwa hiyo sasa kila ninachotuma natia kwanza ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, kila rangi na mfuko wake, ndo naweka kwenye boksi. Na ukituma ubuyu kama kitu cha kwenu (wabara waupenda ubuyu wetu mpaka waomba uongezwe) tia kwenye kopo la kifuniko, usifunge kwa karatasi, ile rangi nyekundu yake ni hatari kwa uzi.

Sasa paseli ya tatu. Hii ndo iliyonifanya nibaki.

Ilitoka Kinangop, huko Nyandarua. Nimefungua tu harufu ikanijia, harufu ya kondoo, ile ya zizi la mvua. Ndani kulikuwa na mafungu mawili ya uzi rangi ya kijivu cha jivu la kuni, umesokotwa kwa mkono, pahali pengine mnene pahali pengine mwembamba, na kuna vijiti vya nyasi kavu bado vimenasa ndani. Hakuna lebo, hakuna karatasi hata moja. Nikakaa hapo barazani naupapasa, nauvuta, wavutika halafu warudi. Nikachukua kipande cha kama kidole, nikakishika kwa koleo ya nywele nikakiwasha kiberiti. Hii ni njia ya zamani na yafanya kazi: pamba yaungua haraka kama karatasi na kuacha jivu laini, akriliki yayeyuka na kuwa kishanga kigumu cheusi, sufu yaungua kwa shida, yajizima yenyewe, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Kilijizima. Jirani akanisikia harufu akauliza nani anachoma nywele mchana huu.

Sufu ya kweli basi, kwa mara ya kwanza mkononi mwangu, na niko Malindi. Wala sikuona ni makosa mara hii. Kuna kijana wa dadangu kaenda shule ya bweni huko Nyandarua, kila simu ni Mama mdogo huku kuna baridi. Nikamfumia kofia na soksi jozi mbili kwa ule uzi, kofia kwa kulabu na soksi kwa sindano tano, usiku usiku kwa sababu mchana joto halikuniruhusu. Kila mstari wa tatu nang'oa kijiti cha nyasi. Nilimwandikia mamake kwa herufi kubwa USIFUE KWA MAJI MOTO WALA KUSUGUA, manake sufu ikikutana na maji moto na kusuguliwa yajikunja yote yawa kama mkeka, kofia ya kijana yarudi ya mtoto mchanga. Uzi ulipanda basi kutoka Kinangop mpaka baharini, ukarudi hukohuko kwa kondoo wake ukiwa kofia. Yule dada nilipomtumia picha alinyamaza kidogo halafu akatuma sauti, akasema uzi ule alisokota nyanyake. Hakuwa amesema mwanzo.

Na hapa ndo nyota ilipokatika. Kile kitu hakikufaa kuja bila maandishi. Grupu haina sheria ya lebo, na mimi nimelisema mara mbili: kila uzi uje na kikaratasi, ni wa nini, unene gani, mita ngapi kama wajua, kulabu gani, na ile namba ya rangi ya kiwandani kama ni uzi wa dukani. Hiyo namba watu hawaijali lakini madonge mawili ya "nyeupe" ya namba tofauti ukiyaunga kwenye kitambaa kimoja mshono waonekana mchana kweupe. Na uzi wa nyanya wa mtu zaidi ndo wahitaji kuandikwa. Ningejua mapema ningehifadhi kipande. Nimebaki na uzi mfupi tu kama urefu wa mkono, nimeufunga kwenye kishikio cha kapu langu.

Raundi ya nne yule wa kunitumia mimi hakutuma. Wiki sita kimya. Hapo nawasifu kabisa, kwa sababu wana utaratibu: wako wanachama wanaojitolea, ukikosa paseli mmoja wao anakutumia ya kwake, na yule ambaye hakutuma hawekwi raundi nyingine mpaka alipe. Hakuna kugombana kwenye grupu wala kutajana. Nilipata pamba ya samawati na sabuni ya karafuu. Alhamdulillahi.

Mtu ataniuliza, sawa, ukishapata uzi watoa wapi pateni, yale maelekezo ya kufumia? Mimi natumia Ravelry, tovuti ya wafumaji, na bila hiyo nusu ya nilivyopokea vingekaa kapuni. Ilianzishwa Marekani 2007 na Jessica na Cassidy Forbes, kujiandikisha ni bure, pateni nyingine zauzwa nyingine bure. Utamu wake ni ule mtambo wa kutafutia: watia unene wa uzi wako, mita ulizonazo, saizi ya kulabu, wasema nataka za bure tu, yakuletea zinazokubaliana na hicho ulichonacho. Kwa mtu wa swapu hiyo ni muhimu kuliko yote kwa sababu sisi hatuanzi na pateni ndo tukanunua uzi, twaanza na uzi ambao hatukuuchagua. Halafu waona picha za watu waliofuma hiyohiyo na wameandika walikwama wapi.

Tahadhari moja lakini, na hii imenigharimu mkoba mzima. Mwingereza na Mmarekani hawaiti vishono sawa. Dabo kroshe ya Mwingereza, ile ya vitabu vya zamani vya sayansi kimu, ni kishono kifupi. Dabo kroshe ya Mmarekani ni kile kirefu, ambacho Mwingereza akiita trebo. Wote wawili waandika dc. Nilifuma mkoba wa pateni ya Kimarekani kwa mkono wa Kiingereza, nikahesabu mistari yote sawasawa, badala ya sentimita 30 kwenda juu ukatoka 17 na mgumu kama ungo, nikafumua wote. Ujanja ni huu: ukiona popote pameandikwa sc, yaani singo kroshe, basi pateni ni ya Kimarekani, kwa sababu Mwingereza hana hiyo sc. Na Ravelry kwenyewe waweza kuchagua wataka istilahi za nchi gani. Kulabu nazo hivohivo, Mmarekani akisema G ni milimita 4, H ni milimita 5, we angalia milimita hutopotea.

Sisi wa Malindi twaweza pia kukwepa hayo yote kwa njia yetu. Mamangu alifanya kazi kwa bibi mmoja Mtaliano kule Casuarina, na kroshe aliifunzwa barazani kwa huyo bibi, kwa hiyo kwetu nyumbani kulabu ni uncinetto na cheni ni catenella, mpaka leo mama akisema maglia bassa mkono wangu wafanya kabla sijafikiri. Bassa ni fupi, alta ni ndefu, basi, hakuna wa kukuchanganya. Pateni za Kitaliano zimo kibao na mtu wa hapa aliyekulia kwenye ciao na quanto costa azisoma bila taabu, jaribuni.

Upande wa kutuma, uzi wa pamba wapata kwenye maduka ya vitambaa huku soko la zamani, ila rangi ni zilezile, nyeupe, maziwa, nyekundu, buluu, kwa kuwa wateja wengi wanunua kwa ajili ya makochi. Sa mimi kitu cha kwetu natuma ukili, ule mkanda wa majani yaliyosukwa wa kushonea mikeka. Namwendea mama mmoja wa mtaa wa Mtangani anayesuka mikeka, nanunua pindo la ukili la rangi mbili tatu kama mita mbili, watu wa bara hushonea kwenye kitako cha kapu la kroshe na lasimama lenyewe. Mmoja aliniuliza huu ni uzi gani, nikamtumia video ya yule mama vidole vyaenda na macho hayatazami, yuazungumza na wajukuu. Grupu zima wakaomba.

Kama wewe ni mtu wa kutaka uzi fulani kwa kazi fulani kwa tarehe fulani, nunua dukani, swapu itakukera. Kama una kapu na subira, ingia. Jaza fomu kwa ukweli wote, hata ile sehemu ya baridi na joto.

Raundi mpya imefunguliwa juzi. Mtu wangu yuko Kericho, ameandika kwamba kwao hunyesha karibu kila jioni, ana kulabu za 3.5 na 4 peke yake, na zambarau hataki kuiona. Nshamuanzia kapu la samawati, kitako cha ukili, na kikaratasi nshakiandika: pamba, namba 3, kulabu ya 4, imefumiwa Malindi, kusi ndo linaanza kuvuma.