Mashine za gemu: ipi watu wananunua wakajuta, ipi hawajutii

Jirani yangu mmoja, baba wa watoto watatu, alikuja jioni na boksi la Nintendo Switch Lite akaniomba nimsaidie kuiunganisha na TV. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba ukingoni mwote akitafuta tundu la HDMI. Hakuna tundu. Switch Lite, iliyotoka Septemba 2019, haiunganishwi na TV kwa namna yoyote. Inachezwa mkononi na mtu mmoja. Muuzaji alimwambia tu kwamba "ni Nintendo, watoto wanaipenda." Watoto wanaipenda kweli, ila ni watatu na kioo ni kimoja.

Mashine ile haikuwa mbovu. Hilo ndilo ninaloliona kwa karibu kila anayenieleza majuto yake: kitu kizima, kinawaka, lakini hakiendani na nyumba kilimoingia. Watu wanauliza ipi ina nguvu zaidi, ipi ina picha kali. Swali la kuanza nalo ni jingine: gemu zitaingiaje humo ndani? Kwa CD utakazonunua na kubadilishana na wenzako, kwa intaneti ya faiba isiyohesabiwa, au kwa bando la simu? Jibu la swali hilo ndilo lililopanga orodha hii, kuanzia mashine ambayo wanunuzi wake hawajuti hadi ile inayowaumiza.

Ya kwanza: PS5 ya CD

Kama hela inatosha, simama hapa. PS5, yaani PlayStation 5 ya Sony, ilitoka Novemba 2020, na toleo jembamba likafuata mwishoni mwa 2023. Nalisifia tundu la CD kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine hii. Kwetu CD ni mali. Unanunua gemu, unalimaliza, unalibadilisha dukani kwa kuongeza kidogo au unamwazima rafiki naye akuazime lake. Kijana mwenye CD nne na marafiki watatu wa kweli ana maktaba nzima. Tena CD za PS4 karibu zote zinacheza kwenye PS5, kwa hiyo ulizonazo hazitupwi.

Nafasi ya kuhifadhia ndiyo inayolalamikiwa. Toleo la kwanza lina GB 825, na zinazobaki kwa matumizi yako ni kama 667. Gemu kubwa za siku hizi zinapita GB 100 moja moja, na hata la CD linajipakia ndani. Tangu Septemba 2021 PS5 inakubali kuongezewa SSD (hifadhi ya kasi) ya aina ya M.2, kazi ya bisibisi na dakika kumi, kwa hiyo hilo halikunyimi usingizi. Padi nalo huchoka: kijiti cha analogi kinaanza kujisogeza chenyewe, mchezaji wako anakimbia kushoto hujamgusa. Tenga hela ya padi la pili tangu mwanzo, maana hakuna anayenunua PS5 ili acheze mpira peke yake.

Ya pili: PS4 ya mtumba, kwa masharti

Wapo watakaonishangaa. PS4 ni ya 2013, na Slim na Pro ni za 2016. Lakini mwenye bajeti ndogo anayetaka mpira, mieleka na magari, na mwenye kibanda cha gemu anayehesabu mia tano mia tano, hajutii PS4 akiipata nzima. CD zake zimejaa Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi, mafundi wake wapo kila mtaa, na diski ngumu yake ni ile ya kawaida ya laptopu: ikifa, unaweka SSD ya kawaida na mashine inaamka ikiwa na wepesi mpya.

Majuto yake yana tarehe. Rockstar, kampuni inayotengeneza gemu za GTA, imeitangaza GTA VI kwa PS5 na Xbox Series X na S tu. Kama hilo ndilo gemu lililokutoa nyumbani kwenda dukani, PS4 si yako, hata ukipewa kwa nusu bei. Mwambie na mdogo wako kabla hajavunja kibubu.

Mashine ya mtumba lazima uijaribu pale pale, na hapa nakuomba usione haya hata muuzaji akinuna. Washa tochi ya simu uchungulie tundu la HDMI: vile vipini vya ndani viwe vimenyooka, maana tundu hilo ndilo linaloharibika zaidi kwa kuchomoa waya kwa nguvu. Tazama skrubu, ukiona zimeliwa vichwa, fundi ameshapita. Ingiza CD, itoe, iingize tena, mara tatu. Cheza nusu saa nzima huku umeweka kiganja nyuma kwenye upepo. Feni ikianza kunguruma kama pikipiki inayopanda mlima, ndani kumejaa vumbi au ile krimu ya kupozea prosesa imekauka, na hilo ni punguzo la bei. Kisha unganisha intaneti ya simu yako uingie kwenye akaunti yako mwenyewe. Mashine iliyofungiwa na Sony inawaka vizuri na kucheza CD vizuri, lakini mtandaoni haiingii milele. Nilishanunua ya namna hiyo kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kusafiri. Nilijua usiku, nikiwa nyumbani, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Na zile zilizochipiwa, yaani zilizovunjwa kufuli la Sony, zinazouzwa zikiwa na gemu ishirini ndani? Ukiacha kwamba gemu hizo ni za wizi, utabaki bila kucheza na wenzako mtandaoni, na ukibonyeza kusasisha kwa bahati mbaya, ule uchipaji unapotea. Watu wengi wanaifurahia miezi mitatu.

Ya tatu: Nintendo Switch ya kawaida au OLED

Kwa nyumba yenye watoto wadogo ningeipandisha hadi ya kwanza. Umeme ukikatika, Switch inaendelea: OLED, ya Oktoba 2021, inakaa saa nne na nusu hadi tisa kutegemea gemu. Ukirudi, unaichomeka kwenye kitako chake na picha inahamia kwenye TV. Padi mbili ndogo zinakuja humo humo, kwa hiyo siku ya kwanza watoto wawili wanacheza pamoja.

Wanaojuta wanalia na mambo mawili. Padi hizo, Joy-Con, zina ugonjwa maarufu wa analogi kujisogeza, hadi rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mwaka 2020. Na gemu za Nintendo hazishuki bei. La 2017 unaweza kulikuta leo karibu na bei ya siku lilipotoka. Kwa shabiki wa mpira tu, Switch ni majuto ya hakika.

Switch 2, ya Juni 2025, ni mashine nzuri na ya gharama: dola 449.99 Marekani ilipotoka, kabla ya meli na ushuru. Angalia mawili. Haihifadhi gemu kwenye kadi za microSD za kawaida, inataka microSD Express. Na baadhi ya gemu zake za dukani zina kadi isiyo na gemu ndani. Kadi ni ufunguo tu, gemu lenyewe unalishusha kwa intaneti. Soma mbele ya boksi kabla hujalipa, imeandikwa pale.

Xbox: inategemea waya unaoingia nyumbani kwako

Siwezi kuipa Xbox Series S nafasi moja, kwa sababu nimeona nyumba mbili zikiinunua mwezi mmoja na kutoa ushuhuda tofauti kabisa. Yenye faiba inaipenda hadi leo. Ya bando ilitangaza kuiuza ndani ya wiki sita.

Mashine yenyewe ni ndogo, kimya, na ilitoka Novemba 2020 kwa dola 299. Haina tundu la CD na haiwezi kuongezewa tundu hilo. Kila gemu linashushwa. Toleo la kwanza lina GB 512, na kwako zinabaki kama 364, maana yake gemu tatu au nne kubwa, kisha unaanza kufuta. Ukifuta leo na ukitaka tena mwezi ujao, ni bando jingine la GB 100. Piga hesabu kwa bei ya mtandao wako wa simu na utaona mashine nafuu imegeuka ghali.

Kivutio chake kikubwa kilikuwa Game Pass, kile kifurushi cha mamia ya gemu kwa malipo ya mwezi. Kilianza 2017 kwa dola 9.99. Oktoba 2025 daraja lake la juu, Ultimate, lilipandishwa kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa Marekani. Kwa mwaka hiyo ilikuwa karibu dola 360, zaidi ya bei ya kwanza ya mashine yenyewe. Walionunua Series S kwa ajili ya Game Pass wana haki ya kusononeka.

Udhaifu wake wa nguvu nao si hadithi za mtaani. Mwaka 2023 gemu la Baldur's Gate 3 lilichelewa Xbox kwa sababu kugawa skrini kwa wachezaji wawili kulishindikana kwenye Series S. Lilipotoka Desemba, Series S ilikosa sehemu hiyo.

Series X ya kawaida ni kaka mkubwa, ana tundu la CD na nguvu ya kulingana na PS5. Ninalomhofia ni upweke. Uliza marafiki zako watano wana nini. Kama wote wana PS, utamwazima nani CD, na utacheza mpira na nani Jumamosi?

PS5 ya dijitali na PS5 Pro

Ya dijitali inauzwa nafuu kidogo, na hiyo "kidogo" ndiyo inayowaponza watu. Unaokoa leo, kisha kila gemu unalinunua kwa bei ya duka la Sony, huliuzi, huliazimishi. Habari njema ni kwamba ile nyembamba inakubali kuongezewa kifaa cha CD kinachouzwa peke yake, na mara ya kwanza lazima uwe na intaneti ili vitambuane. Ya 2020, ile nene, haikubali. Ukiuziwa ya mtumba, ujue ni ipi.

PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, na kwa hela yote hiyo haina tundu la CD. Nguvu yake inaonekana kwenye TV nzuri ya 4K. Nimeshaikuta imechomekwa kwenye TV ya inchi 32 isiyo hata na HD kamili, na mwenyewe ananiuliza kwa nini haoni tofauti na ya mdogo wake. Nilimshauri aiuze, achukue ya kawaida na TV mpya.

Za kukaa nazo mbali

Switch Lite nimeshaisema: kwa mtoto mmoja anayesafiri sana ni sawa, kwa familia hapana. PlayStation Portal, ya Novemba 2023, inaonekana kama mashine kamili ya mkononi na watu wanainunua hivyo. Ilibuniwa kuonyesha picha inayotoka kwenye PS5 yako kupitia Wi-Fi. Bila Wi-Fi ya kuaminika, umenunua kioo.

Wii U, mashine ya zamani ya Nintendo, ukiuziwa kwa bei ya kutupa, iache. Duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023 na michezo yake ya mtandaoni ikazimwa Aprili 2024.

Chini kabisa naweka vile vijiti vya "gemu elfu kumi" na kile kiboksi cheupe kiitwacho GS5, kilichochongwa kifanane na PS5. Ndani mna gemu za zama za kaseti, nyingi zikijirudia kwa majina tofauti. Mzazi ananunua kwa upendo, mtoto anafungua mbele ya wenzake wanaoijua PS5 halisi. Afadhali umwambie mtoto asubiri mwaka mmoja.

Ukishanunua, kabla hujafungua akaunti

Duka la PlayStation halina tawi rasmi la Tanzania wala Kenya, kwa hiyo wengi wetu tunafungua akaunti ya Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Nchi ukishaichagua haibadilishwi. Kadi ya hela ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji wa kadi harudishi pesa namba ikishakwanguliwa. Chagua nchi ambayo kadi zake unazipata kwa urahisi mjini kwako, iandike pamoja na barua pepe na nywila kwenye daftari la nyumbani, na usimwachie muuzaji akufungulie kwa barua pepe yake. Ukikubali hivyo, akaunti ni yake, na gemu zote utakazonunua humo ni zake.

Jirani yangu alifanikiwa kubadilisha ile Lite kwa Switch ya kawaida baada ya wiki mbili, kwa kuongeza hela. Alikuja tena na boksi. Safari hii aliligeuza yeye mwenyewe mlangoni, akanionyesha picha ya kitako na waya wa TV kabla sijamkaribisha ndani.