Mishikaki mitamu Raskazone, ila mbwa wasipewe sosi

Mishikaki ya kibanda hiki cha Raskazone, Tanga, ni ya uhakika: nyama laini, ukwaju umekolea, pilipili inawasha kweli. Bei ya kawaida. Linaloniuma ni vijana wa jikoni kuwamwagia mbwa makombo yaliyorowa sosi ya kitunguu saumu. Jana jike mmoja mwekundu, ananyonyesha, alilamba sahani mpaka ikang'aa. Jamani, kitunguu maji na saumu, hata vikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: ufizi kupauka, mkojo kuwa wa kahawia, kuhema ovyo. Sosi ya soya nayo ina chumvi nyingi mno. Wapeni nyama tupu isiyotiwa viungo, na maji safi.