Miaka mitatu na cherehani ya kukanyaga: uzoefu wangu wa kuwashonea wanangu nguo nyumbani, Dodoma

Kila mwezi wa kumi na moja ukiingia, mama wenzangu hapa Nkuhungu huniuliza swali lile lile: ninunue cherehani gani ya nyumbani? Wanajua Januari shule zinafunguliwa, wanajua mafundi watajaa kazi, na wamechoka kuambiwa "njoo kesho" mpaka mtoto anaanza muhula na sare ya mwaka jana iliyombana mapajani. Nimeona bora niandike kila kitu mahali pamoja.

Nina watoto watatu: binti wa miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa kiume wa miaka saba, na kitindamimba wa miaka mitatu. Sishonei watu. Nashona za nyumbani kwangu tu, yaani sare, magauni ya kanisani, kaptula za kuchezea, nguo za kulalia, foronya, na mara moja moja shati la baba yao. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya chuma ya kukanyaga, yenye meza ya mbao na miguu ya chuma, ambayo mafundi wengi wanayo barazani. Umbo lake ni la Singer za zamani, zile za namba 15, na viwanda vingi vimeliiga. Ndiyo maana bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), sindano na vipuri vyake vinapatikana hata kwa muuza vifungo.

Sikuanza na hiyo. Mwaka 2021 niliagiza kimashine kidogo cha umeme, cha plastiki, cha kubebeka kwa mkono mmoja. Kwenye kitenge cha tabaka mbili kilikwenda vizuri na nilifurahi sana. Nilipofika kwenye kaptula ya shule, pale kati ambapo mishono minne inakutana, kilikwama kikawa kinaunguruma bila sindano kushuka. Nikawa nazungusha kwa mkono, tundu moja moja. Baada ya miezi michache meno ya plastiki ya ndani yalikatika, na mafundi wote niliowapelekea mjini walinirudishia wakisema kipuri chake hawajawahi kukiona. Jioni moja kabla ya shule kufunguliwa, umeme ulikatika nikiwa nimebakiza pindo za sketi mbili. Nilizimalizia kwa sindano ya mkono huku mwanangu ananishikia tochi ya simu. Usiku ule niliamua kutafuta cherehani isiyohitaji umeme.

Hii ya kukanyaga niliinunua mwaka 2022 kwa shilingi 310,000, kichwa, meza na miguu yake. Kabla ya kulipa nilimwomba fundi mmoja mzee wa pale Majengo anisindikize, na nawaomba nanyi msiende peke yenu. Hakuangalia rangi wala maandishi ya dhahabu. Alizungusha gurudumu la mkono taratibu, sikio lake likiwa karibu kabisa na kichwa. Alishika kile chuma kinachobeba sindano akakitikisa kushoto na kulia kuona kama kinacheza. Kisha akatoa mfukoni vipande viwili vya kitambaa, kimoja kitenge chepesi, kingine tetroni ya sare iliyokunjwa tabaka nne, akashona vyote kwa sindano ile ile na kugeuza upande wa chini.

"Shikamoo," nikamsalimia muuzaji, naye alikuwa mtu mzima, "naomba na ile ya nyuma tuijaribu." Ya kwanza ilikuwa inaruka mshono kwenye tabaka nne. Ya pili haikuruka. Nikaichukua hiyo, japo meza yake ina mkwaruzo.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za mguu tu. Gurudumu la juu lazima lizunguke kuja upande wako. Likirudi nyuma, uzi unasokotana chini au unakatika, na wengi hapo ndipo wanapokata tamaa wakidhani mashine ni mbovu. Fundi aliniambia, "Mama, usiwe na haraka na uzi. Fundisha mguu kwanza." Katikati ya gurudumu la mkono kuna nati ya duara. Ukiilegeza, gurudumu linazunguka lakini sindano inatulia. Nilikanyaga hivyo jioni tatu, nikitanguliza mkono kwenye gurudumu ndipo mguu ufuate, mpaka likaacha kurudi nyuma. Kisha nikakaza nati, nikatoa uzi, nikashona juu ya mistari ya karatasi ya daftari bila uzi wowote. Matundu yanakuonyesha ulipopinda. Nilimaliza kurasa nyingi kabla sijagusa kitambaa, na sijutii hata ukurasa mmoja.

Kuhusu sindano na uzi, nawasihi msiwe wabahili hapa. Namba 14, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia 90, inatosha kwa kitenge, khanga na pamba za kawaida. Hiyo 90 ni unene wake, milimita 0.9. Tetroni nene na jinzi zinataka 16, yaani 100. Kwenye aina hii ya cherehani, bapa la sindano linaangalia kushoto na uzi unapita tunduni kutoka kulia kwenda kushoto. Ukikosea hapo haishoni kabisa. Uzi wa bei rahisi una manyoya: unyooshe kwenye mwanga utayaona. Ukiona vitanzi vinaning'inia upande wa chini wa kitambaa, usikimbilie kugusa bobini, maana mara nyingi ni uzi wa juu umelegea au haukukaa vizuri kwenye visahani vya kuukaza. Uzi wa chini napima hivi: nashika uzi, naacha bobini na nyumba yake vining'inie, natikisa kidogo. Ikishuka kidogo ikasimama, iko sawa. Ikianguka yote, imelegea.

Sasa nije kwenye vumbi, kwa sababu anayeishi Dar hatanielewa. Dodoma ni kukavu. Mvua zikishaisha mwezi wa nne, upepo unaanza, na kufika Juni hadi Septemba hata ukifunga madirisha vumbi jekundu linalala juu ya meza. Vumbi hilo likikutana na mafuta na nyuzi zilizokatika, linakuwa tope chini ya kile kibati cha sindano, kwenye meno yanayosukuma kitambaa. Kitambaa kinaacha kusogea, mishono inarundikana mahali pamoja. Kila Jumamosi nafungua kibati, nafagia kwa unyoya wa kuku, naweka tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu, nashona kwanza tambara kuukuu mpaka mafuta yaache kutoka. Halafu nafunika kwa shuka.

Kosa kubwa nililowahi kulifanya lilikuwa kutia mafuta ya kupikia, siku yale ya cherehani yalipoisha. Siku mbili ilikwenda laini. Baada ya wiki iligandiana kama imetiwa gundi, nikashindwa hata kuisukuma kwa mguu. Iliibidi kuoshwa kwa mafuta ya taa, kipande kwa kipande. Mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu nao hulegea ukitumika. Unafungua kile kiwaya kinachouunga, unakata kipande kidogo sana, unatoboa tena na kuunga. Nimefanya hivyo mara mbili katika miaka mitatu.

Lakini ninachotaka hasa mkielewe ni nguo zenyewe. Nguo ya mtoto si nguo ya mtu mzima iliyopunguzwa. Mtoto anakua ndani yake. Fundi wa dukani anabana kitambaa kwa sababu ana haraka na wateja ni wengi, pindo anaacha sentimita mbili. Mimi nikikata gauni la binti yangu naacha pindo la sentimita nane, na ubavuni natenga sentimita tatu kila upande. Kiuno cha kaptula naweka lastiki, na naacha upenyo kwa ndani ili niivute na kuibadilisha bila kufumua mkanda wote. Kaptula moja ya shule ya mwanangu wa kati imeenda darasa la kwanza na la pili. Nilishusha pindo mara moja na kubadilisha lastiki mara moja, basi.

Pateni nakata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, ni ngumu na haichaniki. Nachukua nguo inayomkaa vizuri, naikunja katikati, naichora pembeni, naongeza nafasi ya mshono na ya kukua. Nyuma ya kaptula lazima ipande juu kuliko mbele, la sivyo mtoto akichuchumaa makalio yanabaki nje. Hilo nilijifunza kwa kaptula ya kwanza, na mwanangu alikataa kuivaa tena.

Na kitambaa kiloweke kwanza. Kitenge cha pamba na khanga hurudi vikifuliwa. Nilishona gauni la Pasaka la binti yangu kwa kitenge kilichotoka dukani siku ile ile, likamkaa vizuri mno, na baada ya kufuliwa mara moja likapanda juu ya goti na kifua kikambana. Alilia, nami nikaumia. Tangu hapo kitambaa kinalala kwenye beseni usiku kucha, kinaanikwa (jua letu ni saa mbili tu kimekauka), kinapigwa pasi, ndipo mkasi unagusa.

Mama mkwe wangu yuko Kongwa. Kitindamimba alipotimiza miaka miwili, bibi yake alimletea khanga yake mwenyewe, laini kwa kufuliwa, ile aliyowabebea watoto wake mgongoni. Khanga inakutaka ufikiri kabla ya kukata: ina pindo kuzunguka, ina mji, yaani mchoro wa katikati, ina jina, yaani maneno yake. Ukikata ovyo maneno yanakatika nusu. Nilikaa nayo jioni nzima sakafuni, nikigeuza. Mwishowe nikaweka jina chini kabisa, kwenye pindo la gauni, lizunguke mbele yote, na ule mji nikauweka kifuani. Bibi alipomwona mjukuu wake amelivaa alimshika mabega akamgeuza taratibu asome maneno yake, kisha akasema, "Kumbe bado inabeba watoto."

Sitawaficha mambo ambayo cherehani hii inayashindwa. Hii inashona mstari ulionyooka tu. Haina zigizaga, haina matundu ya vifungo. Matundu natoboa na kuyashona kwa mkono, au nikiwa na mashati mengi nayapeleka kwa fundi pamoja na nguo za kuovaloki, yaani kuzibwa kingo. Nguo ambazo sitaki kuzipeleka kwa fundi naziba kingo kwa mshono wa kujificha: nashona kwanza zikiwa zimetazamana upande wa ndani, napunguza kingo, nageuza, nashona tena, nyuzi zote zinabaki ndani. Ni kazi mara mbili, lakini mtoto mwenye ngozi nyepesi hakwaruzwi. Tisheti na jezi sishoni. Kitambaa kinachovutika kinafanya mshono uruke, na hata ukikubali, mtoto akiivuta kichwani uzi unakatika. Hizo nanunua mitumba.

Kwa upande wa fedha nitasema ukweli: kaptula ya kuchezea ya mtumba ni rahisi kuliko kununua kitambaa. Ukishona ili kushinda mtumba utavunjika moyo. Panapolipa ni sare, magauni, na kila kitu ambacho mtoto mmoja atamwachia mwingine. Tangu mwaka 2023 sijampa fundi sare hata moja, na za watoto wawili zote nimeshona ndani ya likizo ya Desemba.

Inataka nafasi na ni nzito. Yangu imekaa kona ya sebule karibu na dirisha, na kiti chake si stuli ya jikoni tena. Ile ilikuwa fupi, mgongo uliniuma mwezi mzima mpaka nikapata kiti cha juu zaidi. Nikimaliza kushona natoa mkanda kwenye gurudumu. Wenye watoto wadogo fanyeni hivyo kila siku, hata kama mnanyanyuka kwenda kutazama mboga tu. Gurudumu la chini likizunguka na kidole kiko kwenye mkanda, ni hatari, na kitindamimba wangu hapo chini ya meza ndipo anapopenda kujificha.

Anayetaka kujifunza kwa kina, VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wanafundisha ushonaji, na wako mafundi wanaopokea wanafunzi barazani. Mimi nilijifunza kwa yule mzee, Jumamosi kwa Jumamosi, nikimlipa kidogo na kumsaidia kushona vifungo.

Jumamosi iliyopita nilishusha pindo la gauni la bluu la binti yangu kwa mara ya tatu. Mstari wa pindo la zamani umebaki umefifia kama chaki, pasi haikuufuta, kwa hiyo niliufunika kwa utepe nilioukata kutoka kwenye mabaki ya ile khanga ya bibi. Alisimama kando yangu muda wote. Nilipomaliza aliuliza kama anaweza kukaa yeye. Nikatoa uzi, nikamwekea daftari lake la darasa la tatu lililojaa, akaanza kukanyaga juu ya mistari, mkono wa kulia kwenye gurudumu kama nilivyomfundisha. Amefika ukurasa wa nne.