Mafuta ya Mimea au Manukato ya Kiwandani kwa Sabuni za Zawadi

Anayeyeyusha sabuni ya glisirini nyumbani ili aimimine kwenye vikombe vya umbo kwa ajili ya zawadi, huchagua harufu kati ya mafuta ya mimea yenye harufu (si ya kupikia) na manukato ya kiwandani. Mafuta ya mimea yana harufu tulivu ninayoipenda sana, lakini ya limau na machungwa hufifia mapema, na ya karafuu au mdalasini huweza kuwasha ngozi hata yakiwa machache, jambo zito pale ambapo huijui ngozi ya mpokeaji. Manukato ya kiwandani kwa kawaida hudumu zaidi, ila yenye vanila huigeuza sabuni nyeupe kuwa ya kahawia. Tena ni lazima yawe yaliyotengenezwa kwa matumizi ya ngozi, si ya mishumaa. Yote mawili hutiwa kwenye sabuni iliyoyeyuka, joto lake likishashuka hadi takriban nyuzi 55 za Selsiasi, ili harufu isipotee na mvuke, na kwa kawaida hayazidi gramu 30 kwa kilo ya sabuni. Kwa zawadi itakayokaa wiki nyingi bila kufunguliwa, ningechagua manukato ya kiwandani; kwa ile itakayotumiwa mapema, mafuta ya lavenda.